Kadi imeingia mlangoni, chenji imekwenda wapi?

KWA miaka mingi mapato ya timu yetu yalihesabiwa juu ya dawati la darasa la nne. Mechi ikiisha, wajumbe wawili wa kamati walibeba mfuko wa saruji uliokatwa nusu mpaka shuleni, mwandishi wa makala haya akafungua mlango, na pesa zikamwagwa. Zilikuwamo noti za faranga 500 zilizokunjwa kama sambusa, sarafu za 100 na za 50, na katikati yake shilingi za Tanzania, pamoja na ile sarafu ya shilingi 500 iliyoanza kutumika mwaka 2014. Siku moja tulikuta noti ya Burundi. Hakuna aliyejua iliingiaje, na hakuna mbadilisha fedha aliyetaka kuigusa.

Hapa ni Kirehe, mashariki mwa Rwanda, jirani na daraja la Rusumo. Anayefanya biashara mpakani hatashangaa kusikia kwamba mfuko mmoja ulikuwa na fedha za nchi tatu. Mashabiki wetu ni wakulima, vijana wa bodaboda, akina mama wanaovuka na mchele na dagaa, madereva wanaosubiri karatasi zao za forodha, na sisi tuliorudi. Kiingilio ni faranga 300. Uwanja una ukuta upande mmoja tu, pande mbili ni ua wa miti, na upande wa nne ni kilima ambacho Mungu hakukitoza mtu kiingilio.

Mimi ni mweka hazina wa timu. Sikugombea cheo hicho. Nilirudi nchini mwaka 2013, pamoja na maelfu ya wenzangu waliotakiwa kuondoka Tanzania mwaka ule, nikitokea Karagwe ambako nilizaliwa, nikasoma na kuanza kufundisha. Ukijulikana kijijini kwamba unafundisha hisabati na Kiswahili, utapewa kila kazi isiyo na mshahara.

Basi mwaka juzi kijana mmoja wa kamati, aliyewahi kufanya kazi Kigali, aliinuka kwenye kikao akatoa mfukoni kadi ya basi. Wakazi wa Kigali wanaijua. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015 mabasi ya mjini yalianza kuwekewa mashine, abiria anaweka pesa kwenye kadi yake, anaigusisha mlangoni, nauli inakatwa, na kondakta hana haja ya kushika noti. Kijana akauliza: kama mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kupanda basi kwa kadi, kwa nini asiingie uwanjani kwa kadi?

Swali lilikuwa zuri. Nyuma yake palikuwa na jingine ambalo hakulisema, na kila mjumbe alilisikia. Kwa nini mechi yenye watu waliojaa mpaka kwenye mstari wa kona huleta mfuko mwepesi?

Mlangoni kwetu alikuwa amesimama mzee mmoja tangu kabla sijarudi. Sitamtaja jina, maana hapendi na sina ruhusa yake. Alikuwa na kiti cha miguu mitatu, kofia ya soka iliyopauka, na ule mfuko wa saruji. Hatukuwa na tiketi. Unatoa pesa, anakugusa bega, unaingia. Nilipokuwa kijana Kagera nilizoea tiketi ya karatasi inayochanwa kipande, na hata hiyo ilikuwa na michezo yake, kipande kile kile kingeweza kuuzwa mara mbili. Lakini bega lililoguswa haliachi hata karatasi. Jioni tulijua pesa zilizofika darasani. Watu walioingia hatukuwahi kuwajua idadi yao.

Kabla sijaendelea nieleze kadi hii inavyofanya kazi, maana kwenye kikao kile mjumbe mmoja alisema ina betri ya sumu, na mwingine akasema inafyonza pesa kwenye simu ukiwa umelala. Kadi haina betri. Ndani ya plastiki kuna waya mwembamba uliozungushwa pembeni mara kadhaa, na chipu ndogo yenye kumbukumbu. Mashine hutoa mawimbi ya sumaku yanayobadilika mara milioni 13.56 kwa sekunde. Waya ule unapofika karibu, hupata kutoka kwenye mawimbi hayo umeme kidogo unaotosha kuiamsha chipu, ikajitambulisha na kujibu. Ndiyo maana lazima uisogeze mpaka sentimita chache tu, na ndiyo maana ukiwa umesimama hatua mbili mbele ya mashine hakuna kitakachofyonzwa.

Kadi zenyewe ziko za namna mbili. Kuna ile ya benki, ambayo inachukua pesa kwenye akaunti yako. Na kuna ile unayoijaza kwanza, kama ya basi la Kigali, au kama N-Card ambayo ninyi mnaosafiri kwenda Dar es Salaam mnaitumia kuvuka kwa kivuko cha Kigamboni au kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa. Hii ya pili ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Hong Kong walianza kuitumia kwenye usafiri mwaka 1997. Ya benki ilianza Uingereza mwaka 2007, na kikomo cha malipo kwa mguso mmoja kilikuwa pauni 10. Kufikia Oktoba 2021 kikomo kilikuwa pauni 100.

Nasema Uingereza kwa sababu kijana wetu alituonyesha kwenye simu picha za klabu ndogo za huko, zile ambazo mlangoni anakaa mstaafu wa kujitolea na chai yake kwenye chupa. Baada ya ugonjwa wa korona nyingi zilinunua mashine inayoenea kiganjani, inaunganishwa na simu, na mwenye mashine anakata chini ya pauni 2 katika kila 100. Lakini tuangalie tofauti. Wale walinunua mashine kwa sababu mashabiki wao walikuwa wameacha kutembea na pesa taslimu. Wetu hawatembei na kitu kingine.

Wazo letu la kwanza lilikuwa la kijinga na ni langu. Nilipendekeza tuchapishe kadi zetu wenyewe, watu walete pesa, mimi niziandike kwenye kompyuta ya shule na kuzifungia kwenye kabati. Afisa mmoja wa benki, mzazi wa mwanafunzi wangu, alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kisha akaniambia: "Mwalimu, unachokieleza kinaitwa kuweka amana za watu. Kina leseni yake, na leseni hiyo inatoka Benki Kuu." Nikaelewa. Shabiki akiweka faranga 3,000 kwenye kadi kwa ajili ya mechi 10, zile ambazo hajazitumia bado ni zake. Mimi nikifa, au kabati likivunjwa, nani atamrudishia? Tukaitafuta kampuni yenye kibali, inayokaa na hizo pesa kwenye akaunti ya dhamana, ikatuazima mashine 2 na kutuuzia kadi. Kampuni inachukua makato yake. Si haba, lakini hata mbadilisha fedha wa Rusumo alikuwa na yake.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu.

Mashine zilifanya kazi. Hilo niliseme, maana kadi ya kujaza ina salio ndani yake yenyewe na mashine haihitaji mtandao kukata faranga 300. Kilichohitaji mtandao ni kuijaza. Watu walifika saa tisa alasiri, nusu saa kabla ya mpira, kila mmoja na kadi mpya isiyo na kitu, wakaanza kujaza kwa simu wote kwa pamoja, na mtandao ukaelemewa. Foleni ikafika barabarani. Mpira ukaanza. Tulisikia bao la kwanza tukiwa nje, tusijue ni la nani.

Na hao angalau walikuwa na simu zinazokubalika. Akina mama wa kutoka ng'ambo walikuja na laini za Tanzania. Mtu ana shilingi 40,000 kwenye M-Pesa yake, pesa halali za jasho lake, na hawezi kuziingiza kwenye kadi yetu. Wengine walikuwa warejeaji wenzangu waliochelewa kupata kitambulisho, na laini ya simu hapa husajiliwa kwa kitambulisho, hivyo wanatumia iliyoandikishwa kwa jina la shemeji. Mama mmoja anayeuza karanga uwanjani tangu sijazijua njia za hapa alisimama mbele yangu na noti mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari ya msiba: "Mwalimu, pesa yangu imekuwa haramu?"

Nilimwambia apite. Kijana wa mashine akanitazama, kwa sababu sheria ya kwanza kwenye karatasi niliyoiandika mimi mwenyewe ilisema hakuna kupitisha mtu kwa mkono.

Tulirekebisha. Tulianza kujaza kadi siku za soko, si siku ya mechi. Vijana 2 walikaa sokoni na meza, wakapokea faranga na shilingi, kiwango cha siku kimeandikwa kwa chaki ubaoni ili kila mtu akione, wakamjazia mtu kadi kwa simu zao. Baada ya mechi 4 foleni ilikuwa imekwisha. Mtu anafika, anagusisha, taa ya kijani, ndani.

Na mapato yakapanda karibu nusu.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilipoisoma hesabu ile kwenye kikao watu walipiga makofi, kisha makofi yakaisha, na ukimya uliofuata kila mtu aliuelewa. Kama watu ni wale wale na kiingilio ni kile kile, basi hiyo nusu nyingine kwa miaka yote ilikuwa ikienda wapi? Mjumbe mmoja alisema tumshukuru mzee kwa utumishi wake na tumpumzishe. Neno "mwizi" halikutajwa kikaoni. Lilitajwa sokoni kesho yake, mbele ya wajukuu zake.

Nami kwenye kikao kile nilinyamaza. Niandike hapa sababu, maana nimeichelewesha sana. Mwaka 2013, tulipotoka kwenye kambi ya muda ya Kiyanzi na kuanza kutafuta maisha, sikuwa na kazi na vyeti vyangu vya Tanzania vilikuwa vinasubiri kutambuliwa. Jumapili nilikuwa nikisikia kelele za mpira na kusogea mpaka getini, nikasimama kama mtu anayemsubiri mwenzake. Mzee yule alinitazama Jumapili ya kwanza. Ya pili akanigusa bega. Nikamwambia sina kitu. Akasema, "Utalipa ukipata kazi." Niliingia bure msimu mzima. Kazi nilipata. Sikuwahi kumlipa, na sikuwahi kuilipa timu ambayo leo nashika daftari lake.

Nilimfuata nyumbani wiki ya pili. Nilitaka aniambie ana daftari mahali, orodha ya wale aliowakopesha, ili niliweke mezani kwa kamati na mambo yaishe. Hakuwa nalo. "Ningeandika nini, mwanangu? Kwamba fulani hana pesa?" Akanitajia watoto wa shule, walemavu, wajane, wachezaji wa zamani, wazazi wa wachezaji, na watu wa Kiyanzi. Nikamuuliza, na yeye mwenyewe je? Akacheka. Akasema soda alikuwa anakunywa. Sikumuuliza ngapi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jibu sinalo. Sehemu ya ile nusu ilikuwa soda, pengine zaidi ya soda. Sehemu ilikuwa sisi. Mashine imetuambia ni wangapi wanalipa leo, na hilo ni jambo kubwa, lakini haiwezi kurudi nyuma kuhesabu mabega. Nilichofanya ni kupanda kilimani siku ya mechi iliyofuata na kuhesabu kwa macho waliokaa kule. Watoto wengi niliwajua kwa majina, kwa sababu Jumatatu huwa nawaita kwenye rejista. Zamani walikuwa wanakaa nyuma ya goli.

Kuna hasara nyingine ambayo hakuna aliyeiona mapema, na wafanyabiashara mtaielewa haraka kuliko wajumbe wangu. Kiingilio ni 300. Zamani mtu alitoa noti ya 500, akarudishiwa sarafu 2 za mia. Sarafu zile hazikufika nyumbani. Kikombe cha karanga ni 100, andazi ni 100, chai ya maziwa ni 200. Getini ndiko uwanja mzima ulikopata pesa ndogo ya kununulia. Tulipoleta kadi tulizifuta zile sarafu bila kujua. Shabiki akawa anaingia na kadi mkononi na mfuko mtupu, na yule mama wa karanga akawa anarudi nyumbani na nusu ya beseni. Alinieleza kwa hesabu ambayo hata mimi sikuwa nimeifanya: "Ninyi mmepata mia mbili zangu." Kwa haki, hatukuzipata. Zilibaki kwenye kadi ya shabiki zikisubiri mechi ijayo. Lakini kwake ilikuwa ni kitu kimoja.

Tulijaribu kumpa namba ya kupokelea pesa kwa simu. Malipo ya simu si mageni hapa, yana umri wa zaidi ya miaka 15 nchini, na mwaka 2020 wakati wa korona Benki Kuu ilisimamisha kwa muda makato ya malipo kwa wafanyabiashara, ndipo hata wauza nyanya wakajifunza. Tatizo ni mkono. Anamkinga mtoto mmoja, anapima kikombe kwa mwingine, na meseji inaingia kwenye simu iliyo ndani ya khanga. Je, aliyesema amelipa amelipa? Mara mbili alionyeshwa meseji ya wiki iliyopita. Sasa tumempa mashine ya pili wakati wa mapumziko, dakika 15 zile, anakaa nayo binti yake mezani na wauzaji wote 5 wanapitishia hapo. Mwisho wa mechi tunagawana kwa karatasi. Kwa muuzaji wa mia mia makato bado yanauma, na kampuni haijakubali kuyapunguza. Ninaendelea kuwaandikia.

Kuhusu mzee, nilirudi kwenye kamati mwezi uliofuata na safari hii nilisema. Nilisema habari zangu za 2013 kwanza, na hazikupokelewa vizuri, mwenyekiti aliuliza kama nilikuwa naomba msamaha au natoa hesabu. Kisha nikaleta pendekezo. Mashine hukubali kadi maalumu ambayo haikati pesa, inaandika tu kwamba mtu mmoja ameingia bure, saa ngapi. Kampuni huwa inawapa wenye viwanja kwa ajili ya wageni rasmi. Nikaomba moja, nyeupe, isiyo na picha, akabidhiwe mzee, naye arudi kwenye kiti chake. Anayetaka kumwingiza amwingize, ila kwa kila mmoja aigusishe.

Walikubali kwa kura 5 dhidi ya 3. Mzee mwenyewe ndiye aliyekataa. Alikaa nyumbani Jumapili 3. Alisema aliyeitwa mwizi na watoto hawezi kupewa kadi na baba zao. Aliyemrudisha si mimi wala kamati, ni mama wa karanga, na waliyozungumza sijui.

Jumapili iliyopita tulicheza na timu ya kutoka Ngoma. Jioni nilitoa karatasi ya mashine, sikuhitaji dawati wala ufunguo wa darasa. Waliolipa walikuwa 318. Kadi nyeupe iligusishwa mara 63. Mjumbe mmoja ameshaandika barua akitaka idadi hiyo iwekewe kikomo cha 20 kwa mechi, na kikao ni Alhamisi. Kadi yangu mimi nimeijaza faranga 9,000 sokoni, nikamwomba kijana anikate viingilio 30 kwa mkupuo, ndio msimu ule mmoja kwa kadirio langu. Ameniambia mashine inaruhusu kimoja kila baada ya dakika 2. Tulisimama pale saa nzima.